Pingamizi Dhidi ya Kufyekwa kwa Vichaka Vyangu Jumamosi

Kwa Mwenyekiti, Bi. Priscah Khalayi,
Kamati ya Wakazi, Mtaa wa Lusiola,
Kakamega.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja nanyi majirani mtakaosomewa barua hii mkutanoni Alhamisi,

Nimepokea taarifa kwamba Jumamosi asubuhi kamati itafika kwangu na mapanga kufyeka bustani yangu ya vichaka, ambayo mmeiita "msitu unaopoteza watu". Nikiwa mwalimu wa jiografia mstaafu, niliyechora ramani ubaoni kwa miaka thelathini na mmoja, naomba kusikilizwa.

Kwanza mwielewe nia yangu. Mnajua, kwa desturi yetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Kiwanja changu ni kidogo na lango ni moja. Kila Mama Khaemba alipotoka Lumakanda kumtembelea binti yake, mke wangu Mildred, mimi nilisimama nyuma ya tangi la maji mpaka aondoke. Mwaka juzi alikaa siku mbili.

Ndipo nikachora bustani. Nilipanda duranta, yasmini na bogenvilia, nikaviacha vifike kimo cha mtu aliyevaa kofia. Katikati nikapitisha njia mbili za kupindapinda, yake na yangu, zisizokutana popote. Sijui raha inayozidi ile ya kusimama asubuhi na mkasi wa kupogolea, ukijua kwamba kila jani lina kazi ya kuficha mtu unayemheshimu. Hata hivyo, nimelalamikiwa. Nami nalalamika hivi:

1. Jirani yangu Bw. Phanuel hunisalimia kila asubuhi kupitia ua: "Mwalimu, chui wako ameamka?" Tunaishi karibu na Msitu wa Kakamega, ambao watu husafiri kutoka mbali kuutazama. Sijasikia kamati ikiuandikia msitu ule barua.

2. Inadaiwa kwamba kuku wa majirani huingia kwangu wasitoke. Wanatoka. Watatu wametoka na vifaranga, faida ambayo kamati haikuitaja. Jogoo wa Bw. Phanuel amebaki kwa hiari yake. Huwika humo kila alfajiri, na sauti yake si ya jogoo mwenye malalamiko.

3. Mwezi wa nne msoma mita aliingia saa nne akatokea saa saba. Alipita njia ya Mama Khaemba, ilhali kibao kinasema wazi ni ya mama mkwe. Nilimwelekeza kwa sauti apinde kushoto penye yasmini, akajibu, "Mzee, yasmini ndiyo gani?" Naomba kamati iamue kama kosa la mtu asiyejua maua ni la maua.

4. Mnasema vichaka vinakua kupita kiasi. Mvua ya Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, wala siiagizi mimi. Kamati ikitaka vichaka vitulie, iiandikie mvua, nami nipewe nakala.

5. Kutokana na hayo, si haki bustani moja ibebe heshima ya mtaa mzima. Napendekeza kila mkazi mwenye mama mkwe aliye hai aamriwe kupanda vichaka kabla ya Desemba. Barabara ya mtaa igawanywe katikati kwa bogenvilia, wakwe upande huu, wakwe upande ule. Hata ukumbi wa mkutano wenu upandwe duranta kati ya viti, kwa kuwa nimehesabu humo wakwe saba wanaotazamana bila haya.

Jambo lenyewe ni la dharura. Leo, Jumanne, Mama Khaemba anafika kwa mara ya kwanza tangu njia yake ikamilike, na atakaa mpaka Jumapili. Mildred amemchinjia kuku. Mkifyeka Jumamosi, panga la mwisho likianguka, mimi na yeye tutabaki uwanjani tukitazamana. Mwiko huo utakuwa mikononi mwa kamati, nami sitauosha.

Wasalimieni wote wa nyumbani kwenu, na hasa wakwe zenu, kwa mbali.

Wenu katika ujirani mwema,
Mwl. Clifford Mukhwana

N.B. Mama Khaemba aliingia kwa njia yake saa tano. Sasa ni saa kumi. Mildred aliingia saa nane kumtafuta. Sauti ya Mildred naisikia karibu na jogoo. Obusuma, ugali wetu, umepoa mezani. Mimi siwezi kuingia, kwa sababu nimeitazama upya ramani yangu na njia zinakutana mahali pawili. Nampa Bw. Phanuel barua hii juu ya ua aikimbize kwenu. Tafadhali msingoje Alhamisi wala Jumamosi. Njooni sasa hivi na mapanga yote, mwanzie penye bogenvilia. Mkinihitaji, niko nyuma ya tangi la maji.