Beseni Halimo Kwenye Mpango

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mpango umekamilika! Kurasa thelathini na moja, michoro minne, jedwali moja. Hakuna aliyeniagiza. Watu wenye maono hawaagizwi.

Niandike mambo yalivyo, ili atakayesoma siku moja asitaabike. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. Nina shahada, nakata tiketi. Naishi kwa dada yangu na mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto ananiita Mamdogo. Miguu yake haitaki kumbeba. Mtaalamu wa viungo alisema dawa ni maji, mara mbili kwa wiki, tusikose hata siku moja, kwa sababu miguu ya namna hii ina msimu wake, na ukipita umepita.

Kwenye maji anasimama. Jumamosi alipiga hatua nne. Nchi kavu hajapiga hata moja.

Shida si bwawa. Shida ni chumba cha kubadilishia nguo. Familia zote zinagombania kijichumba kimoja: sakafu baridi imetuama maji, benchi jembamba, vyango vya nguo viko juu, pa kumweka mtoto hapana. Dada akimweka chini ili avae, mtoto anatambaa. Mlango haufungiki. Hatua sita kutoka mlangoni kuna maji ya kumzamisha mtu mzima. Mwezi uliopita alifika ukingoni kabisa. Mwokoaji alimdaka kisigino.

Siku ile dada aliapa harudi tena. Nilimwomba anivumilie kidogo, nitakitengeneza kile chumba. Akasema sawa, mdogo wangu, lakini usituletee mambo yako.

Mambo yangu! Sijui ana maana gani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempelekea Meneja mpango. Wafanyakazi wanamwita Tutaangalia, si mbele yake. Aliupima uzito kwa kiganja. Akasema tutaangalia.

Nikamkumbusha kwamba Jumamosi ya tarehe 15 kamati ya manispaa inakuja kuamua kama saa ya familia iendelee au muda ule wapewe watu wazima wa mashindano. Akasema anajua, ni yeye aliyeniambia. Mwishowe akakubali nitumie fundi na mbao zilizo stoo, mradi asisikie kelele.

Nimetoka kifua mbele. Nikajikwaa kwenye ndoo.

Ndoo ni ya Mama Deki. Anasafisha vile vyumba mwaka wa kumi na tisa sasa. Akaniinua, akaokota mpango, akasoma jalada. Nilikuwa nimeandika methali pale, kwa herufi kubwa: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaisoma polepole kwa sauti. Akauliza, na hizo nguo ulizovua, mwanangu, unazitundika wapi?

Wamecheka hadi mwokoaji. Nimeona ni swali la kitoto. Nimeliandika lakini, ukurasa wa tisa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Utafiti! Nimegawa dodoso la maswali arobaini na mawili. Nimesimama mlangoni mwa kijichumba ili kila mzazi alipate akitoka.

Matokeo. Madodoso kumi na manne yalitolewa. Sita yaliloa. Manne yalitumika kufutia watoto. Moja liliwa, na mlaji ana meno mawili tu. Baba mmoja, mtoto begani na mwingine katikati ya miguu, aliniuliza kama namwona ana mkono wa tatu wa kushikia kalamu. Nimeandika: mhojiwa ana hasira, chanzo hakijulikani.

Jibu moja tu limerudi kavu, la bibi mmoja mfupi anayeleta mjukuu. Swali la kumi na saba: Je, unaridhishwa na mpangilio wa nafasi? Amejibu: Mtoto amejisaidia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku mbaya.

Mama Deki amekuja na mabeseni mawili ya plastiki, moja la buluu, moja limepasuka ukingo. Ametandika taulo ndani, akayaweka kijichumbani, akaenda zake kupiga deki. Basi. Hana hata mchoro.

Dada akamkalisha mtoto kwenye la buluu. Akatulia tuli. Ametulia kama abiria aliyelipa! Kuta za beseni zinamzuia kutambaa, chini pakavu, mgongo unaegemea. Dada akavaa nguo zote, hata vifungo. Akachana nywele. Halafu akacheka. Tangu mume aondoke sijamsikia dada akicheka namna ile, na kicheko chenyewe amekitoa kwa ajili ya beseni.

Wazazi wakapanga foleni. Yule baba wa hasira akamwambia Mama Deki, wewe ni mama yangu mzazi.

Majini, hatua tano.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Lakini nimekaa kaunta nikikata tiketi, na ndani ya moyo kuna kitu kinauma kama kokoto kwenye kiatu. Miaka minne chuoni. Beseni!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fundi amefika. Kazi imeanza.

Uvumbuzi wangu mkubwa ni komeo la juu. Mtoto hafungui mlango asiofikia, kwa hiyo komeo liwe juu kabisa, na liwe la springi, mlango ukirudi lijifunge lenyewe. Mzazi mwenye mikono miwili imejaa hana haja ya kufunga. Fundi akauliza juu kiasi gani. Nikanyoosha mkono wangu. Akatia alama ya penseli kwenye ncha ya kidole.

Akauliza, na wafupi je, dada? Nikamwambia asiwadharau wanawake.

Akasema pia komeo hili halifunguki kwa nje. Nikamwambia ndiyo maana ya usalama, na kikiwa kitupu mlango utaegemezwa wazi. Na ule uwazi chini ya mlango, uzibwe kwa ubao hadi sakafuni, kwa ajili ya staha. Fundi akasema kazi ni yako, mimi nina nyundo tu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Vyango vimeshushwa hadi kimo cha mtoto. Meneja amekuja kukagua, akatundika koti lake. Pindo likanywa maji sakafuni hadi mfukoni. Amelikamua. Akasema tutaangalia, lakini safari hii kwa sauti ya chini ambayo sikuipenda.

Mama Deki amezunguka kijichumba, akausukuma mlango, akalitazama komeo. Yeye kimo chake kinaishia begani kwangu. Akasema, mwanangu, hapa mtu akiingia kutoka ni majaliwa. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kesho kamati.

Nimekaa kijichumbani peke yangu nikakitazama kwa macho ya mgeni. Mbao zimepigwa msasa. Mlango umenyooka. Na pale katikati, mabeseni mawili, moja limepasuka! Ni kama bibi harusi amevaa ndala. Kamati itaona nini? Itaona umaskini. Na itauliza ni wazo la nani.

Nimeyafungia kwenye chumba cha pampu. Ufunguo ninao mimi. Mama Deki aliyatafuta jioni nzima, stoo, bafuni, nyuma ya mapipa ya takataka. Akaniuliza kama nimeyaona. Nikasema Meneja ameagiza yaondolewe. Akasema haya. Akanitazama kidogo tu, halafu akaenda kuvaa viatu vyake.

Ni siku moja tu. Yatarudi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kamati ilikuwa watu watatu. Mwenyekiti mama mmoja mkavu, miwani kwenye kamba. Nilianza na historia.

Majini mtoto alipiga hatua saba. Saba! Dada aliniita kwa mbali akinionyesha vidole. Nikampungia. Kisha akambeba kwenda kuvaa, wote wawili wanatetemeka, na akapita karibu yangu akauliza beseni liko wapi. Nikamwambia leo halipo, atumie benchi. Akaingia. Mlango ukarudi wenyewe. Tak. Nikaigeukia kamati nikasema, mmesikia?

Nilikuwa bado naeleza springi aliposema kwa ndani, mdogo wangu, sifikii.

Dada amemfuata mama kwa kimo. Mimi nimemfuata baba. Jambo hili nimelijua maisha yangu yote.

Nikamwambia apande kwenye benchi. Akauliza mtoto amweke wapi. Nikasema ampakate, ni sekunde moja tu. Tukasikia benchi likilia. Tukasikia kishindo. Mtoto akapiga yowe, na dada akanyamaza.

Niliingiza vidole chini ya mlango. Hakuna chini ya mlango. Nimepaziba. Fundi hapatikani kwa simu. Mwokoaji aliusukuma kwa bega, mlango ukakataa. Mbao ngumu, nilizichagua mwenyewe. Meneja akasema tutaangalia, nadhani bila kujua amesema. Nilimwita dada. Hakuitika. Nikamwita tena.

Mama Deki akaja na fagio lake la deki. Akaipindua ile ndoo, akapanda juu yake, akapitisha mpini kwenye uwazi wa juu ya mlango, akapapasa kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Komeo likaachia.

Dada alikuwa amelala chali ndani ya maji ya sakafu, mkono wa kushoto umekunjwa chini yake mahali pasipokunjika. Kwa mkono wa kulia alikuwa amemwinua mtoto juu ya kifua chake, pakavu. Macho yamefumbuka. Hakuniitikia kwa sababu alikuwa amejing'ata mdomo asipige kelele, mtoto asiogope zaidi.

Mama Deki akamchukua mtoto. Akatazama huku na huku, akasema, angekuwepo kwenye beseni huyu.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika hadi ukaacha alama kiganjani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Barua imebandikwa kwenye kioo cha kaunta, kwa hiyo kutwa nzima naisoma kinyumenyume. Saa ya familia imesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Wazazi wanafika na taulo mabegani, wanasoma, wanaondoka. Yule bibi mfupi alikuwa amesahau miwani, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema asante, mwanangu. Afadhali angenitukana.

Mkono umevunjika mara mbili. Plasta wiki sita. Dada hawezi kumbeba mtoto. Mtaalamu wa viungo amehesabu zile wiki kwa vidole, akafika ya sita, akafunga daftari. Hakusema kitu kuhusu msimu.

Mabeseni nimeyarudisha stoo, nyuma ya ngazi. Nimejifanya kuyaona. Mama Deki akasema, kumbe yalikuwa hapa. Hakuuliza swali lolote. Kuna watu wanajua kukutesa.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Tangu Jumamosi dada amenisemesha mara mbili. Zote mbili, nisogezee chumvi.

Leo mchana Mama Deki amekuja nyumbani. Hakuna aliyemtuma. Kichwani amebeba nusu ya pipa la plastiki, la buluu, limekatwa kwa msumeno. Ukingo ameuvika mpira wa bomba uliopasuliwa, usimkate mtoto. Ameliweka katikati ya bafu. Akaniambia, mwanangu, lete maji ya vuguvugu.

Nilibeba ndoo kumi na moja. Maji yakafika kifuani kwa mtoto. Akaushika ukingo. Miguu ikatetemeka, ikatafuta chini, ikapata. Akasimama. Akauachia ukingo mkono mmoja. Kisha wa pili. Akatutazama wote kama anayetudai makofi.

Dada alilia bila kujifuta, kwa sababu mkono mmoja una plasta na mwingine ulikuwa ukimkinga mtoto mgongoni.

Nilitaka kumwambia Mama Deki habari za ufunguo. Mdomo niliufungua. Akaniuliza, maji yamepoa? Nikaenda kuleta ndoo ya kumi na mbili.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Siku ya nne pipani. Leo amezunguka, mkono ukingoni, mzunguko mzima. Mtaalamu wa viungo amesema ni kidogo kuliko bwawa, lakini ni kitu, na msimu haujafungwa. Tusiguse chochote, amesema. Tuendelee hivihivi.

Hivihivi!

Nimekaa kizingitini mwa bafu saa nzima nikitazama, na nasema bila kinyongo kwa mtu yeyote: pipa liko katikati kabisa. Njia imezibwa. Ukingo ni wa mpira wa bomba. Taulo liko mbali, benchi hakuna, mlango uko wazi, mtoto anaweza kutambaa akaingia bafuni peke yake wakati wowote, na pipa limejaa maji. Hivi hakuna anayeiona hatari hii ila mimi?

Kosa la mara ya kwanza nimeligundua. Haraka. Nilikuwa na kamati shingoni. Hapa nyumbani sina kamati.

Mpango mpya una kurasa arobaini na nne. Alhamisi dada na mtoto wanaenda kliniki asubuhi, na Mama Deki yuko zamu. Pipa halimo kwenye mchoro, kwa hiyo litatoka kwanza. Nimempigia fundi. Alisita, nikambembeleza, akaja jioni hii dada akiwa amelala, atazame mlango tu.

Kaona mlango wa bafu. Akatoa penseli sikioni. Akauliza, komeo liwe juu kiasi gani?

Nikanyoosha mkono wangu.