Koti Liko Kazini

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ya tatu mabomba makavu. Na mimi, ole wangu, ni karani wa masjala katika ofisi ya maji! Kazi yangu ni kupokea barua za malalamiko, kuzigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuzilaza kabatini. Zinalala fofofo.

Leo bosi katuita. Kasema Alhamisi kuna maandamano. Mtumishi atakayeonekana humo asahau kuthibitishwa kazini. Nafasi ni moja na vibarua tuko wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Darubini, maana hakuna kinachompita. Uamuzi ni Ijumaa. Bosi alipokuwa anasema hayo, Darubini alinitazama mimi.

Nyumbani, dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye nakaa kwake, kasema nisipoandamana nisiguse ndoo yake. Yeye ndiye anayepanga foleni kisimani alfajiri. Nikamuuliza kwa adabu maandamano yalishabadilisha nini. Kanijibu: na huo muhuri wako, je?

Sina hamu ya kula.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Nitakuwa kotekote. Ofisini kwetu, koti likining'inia kitini maana yake mwenye koti hayuko mbali. Wakubwa wenyewe huishi hivyo. Nitaacha koti, miwani juu ya faili, na chai nusu kikombe (ya juzi, maji hakuna). Barabarani nitafunga kitambaa usoni na kukaa mkiani kabisa. Mbele ndiko kwenye polisi na wapiga picha. Nani aliwahi kupiga picha mkia?

Alhamisi, 12 Juni



Nilikuwa mkiani, nyuma ya bibi mmoja mwenye ndoo tupu kichwani, nikiimba bila kutoa sauti. Bila miwani, kila aliyesimama kando ya barabara alifanana na Darubini. Tukafika njia panda. Polisi, ngao kwa ngao. Kisha nikamsikia dada huko mbele, akipaza sauti kwamba kama hatupiti kwenda kwa meya, basi twende ofisi ya maji. Geukeni!

Wakageuka wote. Mkia ukawa kichwa. Na ncha ya kichwa ni mimi!

Nikajifanya nachechemea ili wanipite. Bibi akanisukuma kwa ndoo, akauliza huyu kiongozi gani anatembea kama bibi harusi. Mtu akanishikisha mti wa bango. Nyuma yetu buti za polisi zilikuwa zikitufuata, taratibu. Hivyo ndivyo nilivyouongoza umati hadi chini ya dirisha langu mwenyewe. Nikaliona koti. Limetulia kitini. Nikalionea wivu.

Bosi akachungulia. Akasema waache barua yao ya malalamiko mlangoni waondoke. Dada akasema haondoki mtu mpaka igongwe muhuri mbele ya macho yao. Mkubwa wa polisi akasema subira yake inaisha. Bosi akaita karani wa masjala. Mara ya pili akaita kwa ukali. Darubini, kwa sauti tamu ya asali, akasema koti lipo, bila shaka mwenyewe yu karibu.

Yu karibu mno!

Nikamtupia bibi mti wa bango. Mbio hadi mlango wa nyuma. Koti. Miwani. Muhuri. Nikatokea mlango wa mbele, nahema. Dada akanikabidhi barua kama vile hatujawahi kuonana. Nikagonga. Watu wakashangilia, polisi wakashusha ngao. Sijawahi kugonga muhuri kwa fahari namna ile.

Ndipo nikaona bosi ananitazama shingoni. Kitambaa!

Ijumaa, 13 Juni

Bosi kaniita, kafunga mlango. Kisha kasema koti langu jana lilikaa kazini tangu asubuhi, halikusinzia wala kuandamana. Lingejua kusoma, angelithibitisha lenyewe. Kwa kuwa halijui, nafasi kapewa Darubini. Kunifukuza hawezi: gazeti limetoa picha yangu nikigonga muhuri, na wakubwa wake wameipenda. Nitabaki kibarua.

Darubini kaja kunipa pole. Kaketi kwenye kiti changu.

Jumamosi, 14 Juni

Bomba limekohoa, likatema kutu, likatoa nusu ndoo, likakata. Dada akapiga vigelegele: mmeona maandamano! Nikamweleza kitaalamu kwamba huenda ni presha tu. Akaninyang'anya kikombe. Kasema nusu iliyobaki wanaifuata Alhamisi, na sharti la ndoo ni lilelile.

Nimefikiri sana. Kosa langu sasa nalijua: mkia! Alhamisi nitakaa katikati. Wageuke mbele, wageuke nyuma, katikati ni katikati. Koti litabaki kitini kama kawaida, na dada kakubali kunishonea la pili, lenye kola ndefu ya kuficha kitambaa.

Tena kafurahi mno kusikia nitakaa katikati. Kasema ndipo hasa alipokuwa anatafuta mtu, wa kushika bango kubwa. Sijui anacheka nini.