Turudishiwe Mama Mogesi Kwenye Kamba

Kijiji cha Ujamaa, Itiryo,
Tarime.
Juni, 1976.

Ndugu Katibu wa Michezo,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, pokea salamu za kijamaa.

Naandika kwa uchungu. Siku ya Saba Saba waume wa kijiji hiki watavuta kamba na wake zao, na upande utakaoshindwa utachota maji ya kijiji kizima mpaka mvua zirudi. Sasa Mwalimu Nashoni, msimamizi wa kamba, ametunyang'anya Mama Mogesi na kumpeleka upande wa wake. Ati misuli ya mwanamke si sawa na ya mwanamume, kwa hiyo haki ni kila mtu avute na wenzake wa maumbile. Malalamiko yangu:

1. Mama Mogesi ni mume. Alitoa ng'ombe wa mahari akamwoa Gati, kwa mila yetu Wakurya, ili nyumba yake ipate watoto. Mimi mwenyewe nilikunywa pombe ya harusi ile. Je, nilikunywa bure?

2. Kwamba mwanamume ana misuli zaidi, sipingi hata kidogo. Misuli tunayo tele! Tunachokosa ni mtu wa kushika mwisho wa kamba. Mwaka jana Mama Mogesi alichimbia visigino pale nyuma, tukashinda, tukaimba mpaka makoo yakakauka.

3. Akivuta upande wa wake, atakuwa anapigana na waume wenzake. Huo ni ubaguzi, na ubaguzi tuliukataa zamani.

4. Jamani, maji! Mto uko bondeni. Mwanamume mzima, mwenye zizi, nipande kilima na ndoo kichwani, mama mkwe ananitazama? Heri nihamie Natta, ugenini.

Tunaomba arudishwe. Wasalimie wote ofisini, na mama watoto pia.

Wako katika kujenga Taifa na kuvuta kamba,
Heche Waitara,
Nahodha wa Waume.

Nyongeza: Jana jioni tulifanya majaribio. Mama Mogesi alikataa pande zote mbili, akakaa kwenye kigoda anatafuna muwa. Wake zetu wakatuburuta mpaka kwenye zizi la mbuzi, na mke wangu Veronika alikuwa anavuta huku anacheka. Kwa hiyo hayo ya juu yafute. Tunachoomba sasa ni waume tutengewe kamba yetu, tuvutane wenyewe kwa wenyewe, kwa haki. Na ukiona ngata laini hapo mjini, nitumie mapema. Nimeanza mazoezi, na ndoo ya Veronika inaumiza utosi.