Matangazo Thelathini ya Stamen

Jumatatu, 4 Novemba

Stamen amekufa. Velika, mkewe, kapiga simu asubuhi. Nimelia. Nasema kweli, nimelia mpaka mke wangu Rada kanipa taulo la jikoni. Miaka arobaini tumesikiliza dunia pamoja kwenye chumba chake cha nyuma, enzi zile serikali inavuruga stesheni za nje kwa makelele na sisi tumeziba dirisha na blanketi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza. Yeye alikuwa anasema ndiye aliyenifundisha mimi. Marehemu alipenda kujisifu.

Nikamaliza kulia. Nikakumbuka redio.

Ile ya melini. Ilitolewa kwenye meli iliyokatwa chuma chakavu huko bandarini Varna. Kilo arobaini, taa za kioo kumi na nane tumboni za kuifanya iseme, inakamata masafa mafupi yote. Mtu akikohoa Brazili unamsikia. Mimi nina redio za zamani kumi na tisa. Saba zinasema, moja inasema na kupiga shoti. Kama ile sina. Metodi naye hana. Metodi ni mstaafu wa posta, anakaa ng'ambo ya mto. Anakusanya redio kama mimi, ila kipaji hana.

Hapa kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake inabandikwa kwenye nguzo, kanisani, kituo cha basi, duka la mkate. Bila karatasi ukutani, mtu hajafa. Mimi na Metodi tunazisoma kila asubuhi kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Miaka themanini, miwani minene, kalamu mfukoni: huyo ana redio darini. Siku ya tatu tunagonga mlango kutoa pole. Anayewahi ndiye anayebeba.

Mchana Velika kaniita. Miguu yake mibovu, mwanawe yuko Hispania, hawezi kuwahi. Kanikabidhi karatasi thelathini. Kasema, "Shemeji, wewe ndiye rafiki yake. Zungusha mji mzima, nakuomba. Tunazika kesho saa saba."

Mji mzima. Maana yake na nguzo za upande wa Metodi. Metodi akijua, kesho atakuja na kofia mkononi na ule ulimi wake laini, na keshokutwa redio iko kwake.

Nimebandika nane. Moja getini kwa Velika. Moja nyuma ya kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Mbili kwenye shule iliyofungwa. Moja kibanda cha pampu. Moja ukuta wa makaburi, kwa ndani. Mbili chini ya daraja la zamani. Ishirini na mbili zimelala kwenye koti langu.

Jumanne, 5 Novemba

Tumezika. Padri, Velika, dada yake asiyesikia, Rada, mimi, mchimba kaburi, dereva wa gari la maiti. Hao tu.

Mimi nilitaka asije Metodi tu. Hao wengine sikuwafikiria.

Kengele ililia vizuri. Nimesikia baadaye kwamba watu walitoka kuangalia nguzo, ni zamu ya nani. Wakakuta karatasi ya bibi mmoja aliyetimiza mwaka tangu afe. Wakasema aa, kumbukumbu. Wakarudi ndani kwenye joto.

Jeneza limebebwa na mimi, mchimba kaburi, dereva na padri. Padri mkono mmoja jeneza, mkono mmoja chetezo. Stamen alikuwa mzito. Nimeteleza mara mbili na sijamwangusha, wanaume wa umri wangu wangeweza?

Velika alipikia watu sitini. Alisimama kaburini na beseni la ngano ya kuchemsha, ile yenye sukari na karanga, ya kumgawia kila aliyefika. Ukipewa kikombe chako unasema: Mungu amsamehe. Beseni halikupungua. Nikaomba kingine. Na kingine. Nimekula vikombe tisa, na mara tisa nimesema Mungu amsamehe. Cha tisa kilikataa kushuka.

Velika akaniuliza, "Shemeji, watu wako wapi?"

Nikasema baridi.

Akasema Stamen kawatengenezea redio bure mji huu miaka thelathini.

Nikasema baridi kali sana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kutoa pole ya pili. Nimekwenda taratibu, kistaarabu, redio sikuitaja kwa dakika ishirini nzima.

Velika yuko jikoni, beseni liko mezani bado. Kaniambia hakai tena hapa. Anauza nyumba, anakwenda kwa mwanawe Hispania. Kasema hawezi kupita kwenye duka la mkate akawatazama usoni watu walioshindwa kupanda mlima nusu saa kumzika mumewe.

Hapo ningesema. Ulimi ulikuwa tayari umeshajikunjua.

Yeye akawahi. Kasema, "Redio chukua wewe. Umekuja peke yako. Njoo Jumamosi na mkokoteni."

Nikashukuru. Nimejipangia hivi: Jumamosi nabeba redio, Jumapili naungama. Siku moja tu katikati. Stamen mwenyewe angenielewa, naye alikuwa mkusanyaji.

Alhamisi, 7 Novemba

Rada kataka kupiga pasi koti langu.

Kazipanga karatasi zote ishirini na mbili juu ya meza, Stamen ishirini na wawili wananitazama, miwani, kalamu mfukoni. Hajapiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kaniwekea supu ya maharage, kasema, "Kula, mzee. Ukimaliza uende ukamwambie Velika. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi."

Nimekula polepole kuliko siku zote. Nimekwenda.

Darajani nikakutana na nani? Metodi. Ananichekea. Kauliza, "Nayden bwana, hivi Stamen yuko wapi? Wiki nzima simwoni klabuni kwa wastaafu." Akatoa mfukoni kitu kimefungwa kwenye soksi. Taa ya kioo. Redio ya Stamen ilikuwa inakosa taa moja tangu kiangazi, Metodi kaandika barua mpaka Odessa kuipata. Anataka kumpelekea. Zawadi.

Sijui nini kilinipata. Nimesema Stamen ana mafua.

Metodi kasema pole yake, mafua ya Novemba mabaya.

Nikarudi nyumbani. Rada kauliza umemwambia? Nikasema nimemkuta kalala.

Ijumaa, 8 Novemba

Metodi kampelekea Stamen asali na malimau. Ya mafua.

Kafika getini kwa Velika, kakuta karatasi. Mimi sikuwepo, lakini najua alivyosimama, maana Velika kanieleza yote baadaye, sauti moja tu, haipandi haishuki. Kasema Metodi alisoma karatasi mara mbili, akaweka asali chini, akavua kofia. Akasema jana tu Nayden kaniambia anaumwa.

Saa tisa Velika yuko kwetu. Kashuka mlima mzima kwa miguu ile. Akakaa kwenye benchi langu. Akauliza, "Ulizibandika wapi, shemeji?"

Nikamtajia zote nane.

"Chini ya daraja?"

"Mbili."

"Chini ya daraja anapita nani?"

Nikasema bata.

Hakucheka. Rada naye hakucheka, alisimama mlangoni na aproni usoni. Velika kasema, "Siku nne nimekaa najiuliza mume wangu alimkosea nani. Nimemtafutia makosa, shemeji. Maiti yake haijapoa, mimi nakaa jikoni namtafutia makosa. Na mengine nimeyapata."

Akaomba karatasi zilizobaki. Rada akampa. Nikataka kumsindikiza. Akasema njia anaijua.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo ndiyo siku niliyoambiwa niende na mkokoteni. Sijakwenda.

Metodi na Velika wamezunguka mji. Kila nguzo ina Stamen. Chini yake wameandika kwa kalamu: Tumeshamzika. Njooni nyumbani Jumapili. Moja wameibandika kwenye geti langu, katikati kabisa. Sijaitoa.

Jumapili, 10 Novemba

Watu themanini. Nimewahesabu nikiwa ng'ambo ya barabara kwa Velika, nyuma ya kuni za jirani. Wamepanda mlima na vigongo, wengine na redio mkononi, zile alizowatengenezea.

Mwokaji mkate kaniona. Kapaza sauti, "Nayden, umekuja mwenyewe au umetumwa na bata?" Wamecheka wote. Mji umeshajua.

Waliitoa redio ya melini uani, watu wanne. Metodi akachomeka ile taa. Ikanguruma, ikakwaruza, halafu mwanamume mmoja akaanza kusoma habari kwa lugha isiyojulikana na yeyote pale, safi kama yuko jikoni. Wanaume wakavua kofia. Na mimi nimevua, nyuma ya kuni.

Velika kasema haendi Hispania. Redio kaipa klabu ya wastaafu, ufunguo anashika Metodi.

Kikombe kimoja cha ngano kililetwa mpaka kwenye kuni, na yule dada wa Velika asiyesikia. Nikasema Mungu amsamehe. Akanitazama mdomo, akauliza, "Nani?"

Jumatatu, 11 Novemba

Rada anaongea na paka tu.

Nimekwenda kwa Metodi kuomba radhi. Moyo mweupe kabisa. Kanifungulia, kanichemshia chai, hana kinyongo, ndiyo ubaya wake. Nimekaa nikatazama rafu. Redio kumi na moja, zote zinasema. Ya tatu kutoka kushoto ina jicho la taa ya kijani linalofumba ukikamata stesheni, sijawahi kuona jingine kama hilo upande huu wa Danube.

Metodi anakohoa. Miaka sabini na tisa. Mke alishakufa, mtoto hana. Nikawaza kwa huruma tu, mtu kama huyu siku ikifika nani atamzungushia karatasi? Nikamwambia, Metodi ndugu yangu, hilo niachie mimi. Nimeshapata uzoefu, makosa nimeyaona yalipo.

Kacheka mpaka kapaliwa. Hapana hajasema.

Nikirudi nimepita dukani, nimenunua gundi. Kopo kubwa, ile inayokaa miaka.