Kibuyu cha Soya Ukweni

Jamani, leo nimejiaibisha ukweni. Na nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi!

Asubuhi nilifika Kisaka kumwomba baba mkwe kile kipande cha shamba kilichochoka, ambacho mahindi yake yalitoa majani ya njano msimu uliopita. Nilitaka kupanda soya. Mzee hapendi kumpa ardhi mtu "anayelima kwa mdomo" (ndiye mimi).

Nilibeba mbegu na unga mweusi wa bakteria, ule unaokorogwa na maji ya sukari ili ushike kwenye mbegu. Unga huo hautaki jua. Nikaukoroga kwenye kibuyu kisafi nilichokikuta nje ya jiko, nikakiacha kivulini. (Chuo kikuu hawakunifundisha kwamba kibuyu kisafi kina mwenyewe.)

Nikaenda kukaa na mzee uani, nikaanza mhadhara.

"Baba, mbolea iko hewani, inaitwa naitrojeni. Mmea hauwezi kuichukua hivi hivi. Hawa bakteria wanaingia kwenye mizizi ya soya, wanatengeneza vinundu. Soya inawalisha, wao wanaigeuza ile hewa kuwa mbolea."

"Bila kununua mfuko?"

"Bila mfuko! Na mizizi ikiozea shambani, hata mahindi ya mwakani yatafaidi."

Mzee akaanza kulainika. Nilimwona kabisa!

Mara nikasikia nyayo za mama mkwe. Sisi Wakurya hatutazamani na mama mkwe. Nikageuka upesi, nikaukazia macho ua wa minyaa, nikaendelea kuuhubiria.

"Wako hai, baba! Ni wengi kuliko watu wa wilaya nzima!"

Nyuma yangu mzee alipokea kitu kwa mama, akaanza kunywa. Gudu, gudu, gudu.

"Wanafananaje?"

"Hawaonekani kwa macho. Ila nimekuja nao. Wamo kwenye kibuyu kile..."

Nyayo zilishaondoka, nikageuka ninyooshe kidole. Kibuyu kilikuwa mikononi mwa mzee. Masharubu yake yalikuwa meusi tii (na mzee ana mvi!).

"Kibuyu kipi, mura?" akaniuliza, kama anavyowaita vijana wote.

Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mtama pembeni, aliyatazama yale masharubu, akanitazama mimi, akatupa ungo na kukimbilia nyuma ya nyumba. Kicheko chake nilikisikia.

"Hicho, baba."

Mzee akachungulia ndani. "Nami nasema uji wa leo una mchanga! Nikadhani mama yenu ameanza kuzeeka." Akakiweka kibuyu chini. "Sasa watanifanya nini?"

"Hawana neno, baba. Wao wanatafuta mizizi ya soya tu."

"Mimi sina mizizi. Watakaa wapi?"

"Watapita tu."

"Watapita." Akafuta masharubu taratibu.

"Shamba chukua," akasema. "Anzia kule nyuma ya choo. Kesho asubuhi nitakurudishia wadudu wako."

Jikoni mama mkwe naye akaangua kicheko.

Mnaotaka kucheka, ndugu zangu, chekeni leo. Jumapili tunakula wote ukweni, na sitaki kuona jino la mtu.