Kidoti Chekundu cha Barabara ya Kumi

Jumatatu, 1 Machi 1954
New York. Baridi kali. Nimetundika picha kubwa ya mchoraji wangu, Dudek, katika ukumbi wangu wa kuuzia picha hapa Barabara ya Kumi. Haina mtu, haina mti. Rangi nyeusi imemwagwa, ya njano imekwanguliwa kwa kisu cha jikoni. Nzuri mno! Dudek kasema isipopata mnunuzi hadi Jumamosi, anahamishia picha zake zote kwa Wexler, muuza picha jirani. Wexler! Anayenisalimia kila asubuhi kwa uchangamfu. Lazima ana jambo. Dudek akihama, nimekwisha. Sina mchoraji mwingine anayetazamwa.

Jumatano, 3 Machi
Mzee mwenye kofia ya kijivu kaja tena, kama jana. Anasimama mbele ya picha nusu saa. Hakuuliza bei. Mkusanyaji gani wa picha haulizi bei? Nikamuuliza katokea wapi. Kwa Wexler, akajibu, bila hata aibu. Jasusi! Kakiri mwenyewe.

Alhamisi, 4 Machi
Jamani, nina akili! Nimebandika kidoti chekundu kando ya picha. Mtaa mzima unajua maana yake: imeuzwa. Jasusi akapeleke habari hiyo. Wexler atapasuka kwa wivu, na matajiri watazigombania picha za Dudek.

Ijumaa, 5 Machi
Kofia ya kijivu kaja na mkewe, kitabu cha hundi mkononi. Akaona kidoti. Akavua kofia. Mkewe akamng'akia: "Si nilikwambia? Wewe tazama tu, wenzako wananunua!" Nilitaka kusema bado haijauzwa. Lakini kama ni mtego? Nikanyamaza. Wakaingia kwa Wexler, wakatoka na picha ya buluu. Wexler anajua kupanga maigizo, huyo!

Jumamosi, 6 Machi
Dudek kaona kidoti, kanikumbatia, kalia machozi. Nani kanunua? Nikasema mkusanyaji asiyetaka kutajwa. Akataka fungu lake. Nikampa akiba yangu yote. Anabaki kwangu! Picha nimeificha stoo. Moyo unaniuma kidogo.

Jumatatu, 8 Machi
Bibi mmoja kashuka kwenye gari lenye dereva. Anatafuta picha kubwa ya Dudek, yoyote, leo leo. Akafungua mkoba, akatoa kalamu. Haraka ya nini? Tena anatabasamu mno. Nikamwambia simjui Dudek, sijawahi hata kumsikia. Akaondoka.

Wexler hanipati ng'o!