Pombe Isiyo na Bendera

Jumatatu, 13 Mei

Seabata amekalia ukuta wangu. Hata begi sijafungua! Blanketi kalivuta hadi kidevuni, macho kayafumba, jua lote la kijiji limemwangukia yeye.

Ukuta wa jiko la shangazi ndo mahali pekee penye jua bila upepo. Upande mmoja kuna rundo la samadi kavu, upande wa pili ua wa shubiri. Katikati anaenea mtu mmoja. Nimesafiri kutoka Maseru kwa ajili ya ukuta huo.

Nesi wa kliniki ndo kanipa daftari hili. Eti kila siku niandike nimepumzika muda gani. Kiwandani napiga pasi suruali. Mwezi huu nimesinzia nimesimama mara tatu, suruali tatu zimeungua, moja mpaka mfuko wa nyuma. Msimamizi wetu Nthatisi akasema siku saba, Tlali, nenda kalale kijijini. Jumatatu ijayo akiniona na macho mekundu hivi, pasi anapewa mwingine. Wako getini wanangoja, arobaini kila asubuhi. Nawaona.

Basi nitapumzika. Hata kwa vita!

Seabata ni mtoto wa shangazi. Karudi kutoka migodini na bandeji mguuni. Nikasimama mbele yake, nikakohoa kidogo. Akafungua jicho moja, akasema karibu mdogo wangu, jua ni tamu, pole kwamba limejaa.

Shangazi Maseabata akatoka na ndoo mbili. Akasema mwenye miguu miwili ndo anaenda kisimani. Akanitazama miguu. Kweli ni miwili.

Njiani nikapita kwa mjane Mamosala. Bendera nyeupe mlingotini: pombe ya kuuza leo. Watu tele. Nikainamisha kichwa, nikapita mbio. Wangenisalimia.

Jambo moja nimeliona, sijamwambia mtu. Asubuhi Seabata alichechemea mguu wa kushoto. Jioni akachechemea wa kulia. Bandeji nayo ilikuwa imehama. Naliweka akiba.

Nimepumzika: dakika sita, nimekalia ndoo.

Jumanne, 14 Mei

Nina mpango. Anayewahi ndo mwenye ukuta!

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshakaa. Barafu nyeupe juu ya nyasi. Jua bado. Nikakaza meno. Masikio yakafa, kwanza la kulia. Miti ya mipopulasi ya bondeni imegeuka manjano yote, lakini gizani sikuiona, niliisikia tu ikidondosha majani.

Saa moja na nusu jua likaja polepole. Vidole vya miguu. Magoti. Tumbo. Ee Mungu, tumbo! Ndo kwanza linafika kifuani, shangazi huyu hapa mlangoni. Akapiga makofi. Akawaita majirani waje waone. Akanitaja kwa jina la ukoo, eti tazameni Mofokeng wangu, mtoto wa mjini anaamka kabla ya kuku, na kuna watu humu ndani (akataja jina) wanalala kama magunia! Akasema kijana mwenye bidii hivyo asikatishwe tamaa. Akanipa gunia niende malishoni kuokota samadi kavu ya kuwashia moto.

Nilitaka kukataa. Nikapokea gunia. Huwa napokea.

Nikageuka nyuma. Seabata ameshakaa. Akasema asante mdogo wangu, umeupasha moto vizuri.

Nimepumzika: dakika tisa za jua. Zile saa mbili na nusu za giza sizihesabu, nilikuwa nakaza meno.

Jumatano, 15 Mei

Leo nimeugua. Kwa makusudi.

Nimelala kitandani, nimeshika mgongo, nalia kidogo kidogo. Nilipanga vizuri: mgonjwa hatumwi, mgonjwa anatolewa nje kwenye jua, na Seabata atapisha kwa aibu.

Shangazi hakunitoa nje. Alichemsha sufuria la majani machungu, akaniwekea chini ya kidevu, akanifunika na mablanketi matatu. Nikatoka jasho mpaka kope. Halafu akanipa maji yenyewe ninywe. Kikombe kizima. Nikasema nimepona. Akasema ugonjwa ndo husema hivyo.

Wakaja majirani wanawake watano kunitazama. Mimi hata mbele ya wanawake wawili naona aibu. Nikajificha ndani ya mablanketi, wakaanza kuongea juu yangu kama sipo. Mmoja akasema huyu hana ugonjwa, hana mke. Mwingine akasema atampataje, na hata jina lake mwenyewe analinong'ona! Wakacheka mpaka kitanda kikatingishika. Mjane Mamosala ndo alikuwa anacheka zaidi. Alinishika mkono, akauminyaminya hadi begani kama ananunua ng'ombe. Akasema mkono huu haujaharibika.

Sikuelewa. Nimeandika tu.

Tangu saa tisa tumbo linakimbia, na mimi nalifuata chooni. Choo kiko mbali, juu ya mlima. Nimepanda mara saba. Seabata ananihesabia kwa sauti kutoka ukutani kwangu.

Nimepumzika: sijui kama chooni kunahesabika. Kama kunahesabika, saa moja. Nesi ataamua.

Alhamisi, 16 Mei

Kosa langu ni kukaa nyumbani. Mtu akitaka kupumzika aende asikojulikana. Nikachukua blanketi, nikatoka kabla shangazi hajapata ndoo.

Kwa Mamosala nikasimama. Ua wake una ukuta mrefu! Jua lote, upepo hakuna. Wazee sita wameegemea, miguu wameinyoosha. Katikati chungu kikubwa cha pombe ya mtama, povu linapumua. Mamosala akaniita kwa mkono.

Mimi ni mtu wa kuangalia, sikuenda kijinga. Nikatazama mlingoti: bendera hakuna. Nikafikiri vizuri. Bendera maana yake pombe inauzwa. Bendera haipo, basi haiuzwi. Haiuzwi, basi ni ya bure! Nikaona pia fimbo nyingi zimeegemezwa ukutani. Nikasema moyoni, maskini wazee, wote miguu mibovu.

Nikanywa kikombe. Wakanisogezea cha pili. Cha tatu nilichukua mwenyewe. Halafu nikaegemea ukuta, nikalala. Usingizi huo! Ningeweza kuukunja na kuupeleka Maseru.

Nikaamka nina fimbo mkononi.

Mzee Ramatla, mmoja wa wale sita, alikuwa ameinama juu yangu. Akaniita Ntate, kama bwana mkubwa, akasema amka, vikombe vitatu, tumehesabu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na maharage makavu na maganda yake, rundo refu kuliko nyumba yenyewe.

Jamani! Hata mtoto wa Mosotho anajua. Pombe isiyo na bendera ni pombe ya kazi. Ukiinywa umeshajiandikisha, na hutoki mpaka kazi ya mwenye pombe iishe. Babu yangu alikuwa anajua. Mbuzi wa babu walikuwa wanajua. Miaka mitatu Maseru, nimesahau!

Nikanong'ona kwamba mimi ni mgeni. Ramatla akahesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, akafika leo. Akasema mgeni siku mbili, Ntate, wewe jembe lako limekusubiri mpaka limeota kutu. Wakacheka wote. Mamosala akauliza mgeni gani huyu, kinywa chake mbona ni mwenyeji?

Nikapiga maharage mpaka jua likazama. Wanaume wanasimama mistari miwili, fimbo zinashuka pamoja. Mwanzo yangu ilishuka peke yake. Nimepata malengelenge manne. Rundo limepungua nusu tu. Kesho tena.

Lakini nimeona jambo! Kuna mtu mmoja hapigi. Mwimbishaji. Anasimama juu ya jiwe, anaimba, wengine wanapiga. Na leo jioni mwimbishaji, mzee Khoabane, sauti imemkauka.

Nimepumzika: dakika ishirini. Nzuri sana.

Ijumaa, 17 Mei

Mimi kuimba mbele ya watu! Hata kanisani nafungua mdomo bila sauti.

Ila nikayakumbuka macho ya Nthatisi. Nikawakumbuka wale arobaini wa getini. Nikapanda jiwe. Nikasimama nimebana miguu. Ramatla akauliza Ntate anataka kuomba ruhusa ya choo tena? Habari za Jumatano zimefika kila mahali.

Nikafumba macho. Wimbo sikuwa nao hata mmoja. Ukatoka ule wa kiwandani, ninaouimba kichwani nikipiga pasi: mguu, mguu, kiuno, geuza! Mpelekee Nthatisi, lete nyingine!

Hakuna fimbo iliyoshuka. Nikajua nimekufa. Halafu fimbo zikashuka, puu! Mguu, mguu, kiuno, geuza! Puu! Wakaupenda! Wakauliza Nthatisi ni nani, wakajibizana kwamba lazima ni mke wa chifu wa Maseru, kwa jinsi anavyotaka kupelekewa kila kitu.

Kitu kimoja sikufikiria. Kiwandani tunakwenda suruali tisini kwa saa. Mwendo ndo huo huo, mwingine siujui. Wanaume walipiga kama wamefukuzwa na nyuki. Maharage yaliyobaki yaliisha kabla ya saa sita! Nilipofungua macho nikajikuta nimeshuka kwenye jiwe, niko katikati ya mstari, na fimbo mkononi. Ramatla akasema hajawahi kuona mwimbishaji anayepiga kuliko wapigaji. Mikono yangu ilikuwa inapiga pasi yenyewe. Malengelenge sasa ni tisa.

Ila ushindi upo! Kelele zilimvuta Seabata. Alikuja akichechemea, wimbo ukamwingia, akaanza kucheza. Akaruka kwa miguu yote miwili, juu kabisa, bandeji inapepea. Shangazi alikuwa nyuma yake. Sikulazimika kusema neno. Akamshika sikio, mtu mzima wa migodini, akamwambia mguu umepona, Mungu ni mwema, ndoo ziko mlangoni.

Ukuta ni wangu! Kesho nalala siku nzima.

Nimepumzika: nilifumba macho kwa saa mbili na nusu. Lakini nilikuwa nimesimama.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekaa ukutani. Jua. Blanketi. Seabata akapita na ndoo, hakunisalimia. Raha iliyoje!

Dakika kumi.

Halafu nikaona watu wanne wanakuja kutoka bondeni. Wanaume wazima, watatu wamevua kofia, wanazizungusha mikononi. Watu wa namna hiyo hawaji kusalimia. Wa nne amebeba chungu kichwani, taratibu, povu lisimwagike. Chungu hakina bendera!

Nikakimbilia ghala. Kuna kihenge kikubwa cha nyasi, mtu anaingia mzima. Nikaingia, nikajifunika. Giza, joto, harufu ya mtama. Nikafikiri, mbona sikuja humu tangu Jumatatu? Macho yakaanza kushuka.

Nikawasikia wanamuuliza Seabata, yuko wapi yule fundi wa Maseru mwenye wimbo wa suruali? Maharage ya chifu yanamngoja. Nilimsikia Seabata anaweka ndoo chini, taratibu, kama mtu anayefurahia. Akasema fundi ni mtu wa aibu, huwa anatunga nyimbo ndani ya kihenge. Msimtoe, mbebeni humo humo.

Wakanibeba humo humo! Kijiji kizima kilitoka kuangalia. Wale wanawake watano walikuwa mbele.

Nimepiga maharage ya chifu mpaka giza. Malengelenge nimeacha kuhesabu.

Nimepumzika: dakika kumi, na ile safari ya kihenge. Walikuwa wanatingisha sana.

Jumapili, 19 Mei

Naandika barabarani. Gari la Maseru linapita hapa saa tano, na ni moja tu mpaka kesho mchana. Shangazi kanipa gunia la maharage zawadi, limenivunja bega. Alilia. Akasema nirudi mwakani, hajawahi kuona kijana anayeifurahia likizo namna hii. Seabata yuko ukutani, mguu mpya umemuuma tangu alfajiri.

Nimejitazama kwenye dirisha la duka. Macho mekundu zaidi ya nilivyokuja. Kesho saa moja asubuhi nasimama mbele ya Nthatisi. Nimetengeneza daftari kidogo: penye neno dakika nimekata, nimeandika saa. Nesi atafurahi. Nthatisi hasomi daftari, anasoma macho. Nikilala garini njia nzima, pengine yatakuwa meupe. Inatosha! Nina mpango.

Na somo nimelipata, naliandika hapa kwa herufi kubwa nisilisahau: USINYWE POMBE AMBAYO HAINA BENDERA.

Saa nne na nusu. Gari bado.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba, ukuta wake unaangalia jua. Watu wamekaa pale wanacheka. Kuna chungu. Nimetazama mlingoti: bendera haipo. Lakini hii ni tofauti, nimeichunguza vizuri. Kwanza leo ni Jumapili, Jumapili hakuna anayepiga maharage. Pili, maharage yenyewe sioni hata punje. Kuna mawe tu, rundo kubwa, yamechongwa vizuri, na toroli tatu, na majembe kumi na mawili yamepangwa ukutani. Watu nadhifu sana.

Mama mmoja ananiita kwa mkono. Nusu saa ukutani, kikombe kimoja cha kuleta usingizi wa garini, macho yatakuwa meupe kama maziwa. Lazima niende sasa hivi. Povu linashuka.